Shuka la Kitanda cha Sifuri

Hapo zamani, na si zamani sana maana shuka lenyewe lingali kwenye kamba, palikuwa na nchi ambayo watoto wake wachanga hawakuwahi kuugua utumbo. Nchi nzima, bara hadi pwani, hakuna hata mmoja. Mimi nilikuwa dobi wa hospitali katika nchi hiyo, kwa hiyo ninayoyasema niliyaona, na yale ambayo sikuyaona niliyafua.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kitanda kimoja. Kilikaa kwenye chumba cha peke yake, mwisho wa wodi ya watoto, kimezungushiwa utepe mwekundu kama ule wanaokata wageni rasmi. Kitanda kidogo cha chuma cha kumtosha mtoto mchanga. Juu yake, ukutani, palikuwa na picha ya Mheshimiwa Rais akitabasamu, na chini ya picha kibao: KITANDA CHA UFUATILIAJI WA UTUMBO WA MTOTO MCHANGA. IDADI YA WAGONJWA TANGU KUANZISHWA: 0. Sifuri ilipakwa rangi ya dhahabu, kubwa kama sinia la harusi.

Kila siku alfajiri nikishasali nilitandua shuka ambalo hakuna aliyelilalia, nikalifua, nikalianika, nikalipiga pasi, na kabla ya saa nne nikalitandika tena. Wodi ya jirani watoto walilala watatu watatu, vichwa huku miguu kule, juu ya mpira mtupu. Lakini wale walikuwa wanaumwa. Huwezi kumpa shuka mtu anayeumwa, atalichafua.

Msidhani nayasema vibaya matone. Haya mambo yalianza na matone ya kuzuia kuhara, yale wanayodondoshewa watoto mdomoni, na mimi mtoto wangu wa pili nilimzika kwa kuhara. Siku mbili tu. Macho yaliingia ndani, nikawa nafinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama. Matone yalipokuja, niliswali rakaa mbili za shukrani, na tangu yaje nepi ninazofua zimepungua nusu. Hilo halina ubishi, na atakayewaambia vingine mwambieni aje afue.

Walioleta matone walisema na neno moja la akili. Walisema utumbo wa mtoto mchanga kuna wakati hujiingiza ndani yake wenyewe ukaziba. Umekuwa ukifanya hivyo tangu enzi za mababu, matone hayajaotwa hata ndotoni. Lakini yawezekana, mara chache sana, matone nayo yakachangia. Basi kila hospitali iangalie, iandike kila mtoto, na zaidi ya yote imtibu mapema.

Aliyenielewesha ni Daktari Mshangama, daktari wetu wa upasuaji, mtu mpole aliyezoea kuja uani kwangu kuvuta hewa.

"Bi Mwatime," akaniambia, "mtu akivua shati la mikono mirefu kwa pupa, mkono unakuwaje?"

"Unaingia ndani."

"Ukiuvuta mapema?"

"Unatoka."

"Na ukiliacha limelowa, mkono umo ndani, siku mbili?"

"Linaoza pale pale ulipojikunja, daktari. Nimeshayatupa mengi."

"Basi umeshasomea udaktari," akasema. "Siku ya kwanza navuta unatoka. Ya pili nakata. Ya tatu sina la kufanya."

Sasa wakubwa wetu ni watu wa mitihani. Waliposikia kila nchi itahesabu watoto wake, walidhani ni mashindano, na mwenye wachache ndiye mshindi. Wakaunda ofisi. Juu ya ofisi wakamweka Bwana Mwinchande, Mfuatiliaji Mkuu wa Utumbo, mtu mnene mwenye kalamu nne mfukoni, ambaye siku ya kufungua kitanda alituhutubia hivi:

"Ndugu watumishi wa afya. Utumbo wa taifa letu ni utumbo mnyoofu. Maradhi haya yamejaribu kuingia nchini yameshindwa, kwa sababu ya mipaka yetu imara na uongozi wetu shupavu. Kufuatilia maana yake ni kuhakikisha. Na sisi tumeshahakikisha kwamba hayapo, kwa hiyo kilichobaki ni kufuatilia."

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kidogo, mikono yangu ilikuwa na sabuni.

Ikachapwa fomu. Ilikuwa na swali moja: Je, mtoto ana utumbo uliojiingiza? Na jibu lake, Hapana, lilikuwa limeshachapwa ili watumishi wasichoke. Aliyetaka kuandika Ndiyo alitakiwa kuomba fomu nyingine makao makuu, nayo ilitolewa kwa hospitali iliyokwisha kuthibitisha mgonjwa, na mgonjwa alithibitishwa kwa fomu hiyo hiyo. Daktari Mshangama aliwahi kufuta Hapana kwa wembe. Akahamishiwa kisiwani miezi sita kufuatilia popo. Aliporudi alikuwa mtu wa kutazama viatu vyake.

Lilikuja pia bomba la kumpulizia mtoto hewa kwa nyuma, likaurudisha utumbo taratibu pasipo kisu. Bwana Mwinchande alilifungia kwenye kabati la kioo, ufunguo akauweka makao makuu. Alitueleza sababu: bomba likitumika, litakuwa limetumika kwa mtu.

Mwaka wa kwanza tulipata sifuri. Nchi ikapewa kikombe na nchi rafiki, ambayo nayo ilikuwa na sifuri.

Mtoto wa kwanza niliyemwona mimi alitoka mashamba ya mkonge. Mama yake alimpitisha uani kwangu akitafuta kivuli. Mtoto analia kwa nguvu, anavuta magoti kifuani, halafu ghafla ananyamaza, mweupe kama amepakwa unga, halafu anaanza upya. Karani wa mapokezi akaandika: Chango. Mama akaambiwa akamkande tumbo kwa mafuta ya uto. Alirudi siku ya tatu, amembeba vile vile ila kamfunika na kichwa, anaomba kibali cha kuzika. Karani akauliza sababu ya kifo, mama akasema hajui, alikuwa analia tu. Basi karani akaandika: Kulia.

Niliiona kwa macho yangu ile karatasi. Sababu ya kifo: Kulia.

Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, hakuvaa kofia ya dukani maisha yake yote. Nilimshonea mimi, zile za vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi, kofia moja miezi minne. Jioni ile nilichukua sindano yangu ya kofia, nikatoboa kitundu kimoja kwenye pindo la shuka la kitanda cha sifuri, nikakizungushia uzi. Mweupe juu ya jeupe, asiyekitafuta hakioni. Malaika wa mabegani hawana fomu iliyochapwa jibu, nao huandika. Mimi sikuwa na la kuandikia, nikatoboa.

Mwaka wa tatu vilikuwa saba. Bwana Mwinchande alikuja kukagua kitanda, akainama, akalipapasa pindo.

"Bibi, hivi ni nini?"

"Nakshi, bwana mkubwa."

"Vizuri sana. Viongezwe."

Vikaongezwa. Watoto hawakukawia kuviongeza. Kufikia siku ninayotaka kuwasimulia vilikuwa kumi na kimoja.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na Mheshimiwa Waziri alikuwa anakuja kukitazama kitanda kisicho na mtu. Hospitali ilikuwa imedekiwa tangu Jumapili. Wagonjwa waliokuwa wanakohoa walipelekwa nyuma ya jengo la jenereta. Mimi nilikuwa nimeshatandika, nasuuza ndoo, nikamwona binti yangu Saumu anakatiza ua mbio, khanga imemteleza, na mjukuu wangu Idarusi kifuani. Idarusi alikuwa na miezi mitano. Ndiye mwanamume pekee aliyebaki nyumbani kwetu.

"Mama, tangu jana magharibi," akasema. "Analia, anakunja miguu, halafu anazima. Nilidhani meno. Sasa anatapika kijani."

"Nipe nepi."

"Mama, mtazame mtoto kwanza."

"Nepi, Saumu."

Nikaifungua. Damu na ute, nyekundu nzito kama rozela iliyochemshwa ikalala. Miaka kumi na minne nimefua nepi za hospitali ile. Kumi na moja nilizifua za namna hiyo, kila moja naijua ilikotoka na mtoto wake alikokwenda. Nikahesabu saa kwa vidole: tangu magharibi hadi saa tatu ile asubuhi, kumi na tano.

Tukaenda mapokezi. Karani alikuwa amevaa tai.

"Chango," akasema, kabla Saumu hajakaa.

"Hujamtazama."

"Bi Mwatime, leo si siku ya kutazama watoto. Mkandeni na uto. Njooni Ijumaa."

"Ijumaa nitakuja kuchukua kibali cha kuzika, mwanangu. Kiandike kabisa leo, uokoe muda."

Akacheka kidogo, alidhani ni utani. Nikamwacha, nikamfuata Daktari Mshangama. Alikuwa kwenye mstari wa mapokezi ya Waziri, ameshika bendera ndogo ya karatasi, wanafanya mazoezi ya kupunga.

"Daktari, mkono umeingia ndani ya shati."

Akaendelea kupunga. "Wa nani?"

"Wa Idarusi. Tangu jana magharibi."

Bendera ikasimama. Akatazama viatu vyake, akatazama geti, akatazama tena viatu. "Umeona damu?"

"Nimeona."

"Bi Mwatime, mimi nina mikono, sina mlango. Chumba cha upasuaji kinafunguliwa kwa namba ya mgonjwa. Namba inatoka kwa jina la ugonjwa. Na ugonjwa huo hatuna. Nikiuandika tu simu inalia makao makuu, na kabla sijavaa glavu nimesharudi kwa popo."

"Na ukipata namba?"

"Nikipata namba yoyote, hata ya ng'ombe, nakata sasa hivi."

Sikumlaani. Mtu akishavunjwa mara moja hutembea kwa kuchagua njia. Lakini nilimwambia hivi, na namuomba Mungu anisamehe kama nilikosea: "Basi usiache bendera, daktari. Nakuletea namba."

Nikamchukua Idarusi kwa mama yake. Nilipita wodini, watatu watatu kitandani, nikafika kile chumba cha mwisho, nikavuka utepe kwa kuinua gauni, nikamlaza mjukuu wangu juu ya shuka nililolipiga pasi mwenyewe. Miaka mitatu na nusu. Wa kwanza kulilalia. Akatapika papo hapo, kijani, katikati. Nikakaa sakafuni nikaushika mguu wa kitanda kwa mikono miwili.

Sijui nani alipiga kelele. Bwana Mwinchande aliingia na kalamu zake nne na jasho.

"Nani kaweka mtoto kwenye kitanda?"

"Mimi, bwana mkubwa."

"Mwondoe."

"Yuko kwenye kitanda chake. Kibao kimeandikwa utumbo wa mtoto mchanga. Huyu ni mtoto, ni mchanga, na utumbo huo hapo."

"Bibi, hiki si kitanda cha wagonjwa."

"Ni cha nani?"

"Ni cha kutokuwa na wagonjwa," akasema, na sauti yake ilitetemeka kwa uchungu wa mtu ambaye haeleweki. "Kitanda hiki ni ushahidi. Waziri yuko daraja la pili, amebakiza nusu saa. Unajua mtoto mmoja atageuza nini? Hatutakuwa na sifuri. Tutakuwa na moja, na moja si sifuri."

"Si moja."

"Unasemaje?"

"Nasema si moja. Waziri akinikuta hapa nitamwambia ni wangapi. Nina idadi yao, nina na vijiji vyao. Niburuteni. Lakini mguu huu wa kitanda umechomelewa sakafuni, ulichomelewa kwa amri yako usiibwe, kwa hiyo mtaniburuta mbele ya picha."

Idarusi hakulia tena. Ndicho kilichonitisha. Alikuwa amelegea, macho nusu, mdomo unakauka, na juu yake Mheshimiwa Rais anatabasamu. Saumu alikuwa mlangoni, walinzi wawili wamemzuia kwa heshima zote. "Mama, amenyamaza," akasema. "Mama, kwa nini amenyamaza?"

Bwana Mwinchande alimtazama mtoto kwa mara ya kwanza. Sitamdhulumu, aliona. Niliona akiona. Kisha akatazama saa, na ile saa ikamshinda nguvu yule mtoto.

"Mtoto mchanga hawezi kuwa na utumbo," akasema polepole. "Hilo limeshathibitishwa. Lakini mtu mzima anaweza kuwa na ngiri. Karani."

Karani akaja na daftari.

"Andika. Jina?"

"Idarusi," nikasema.

"Idarusi, mwanamume, miaka arobaini na sita. Mkulima. Ngiri, imekaza, apasuliwe haraka."

"Uzito, bwana mkubwa?" karani akauliza. "Fomu inataka uzito."

"Sabini na mbili."

"Ameoa?"

"Wake wawili. Ionekane ni mtu mzima kweli."

Palihitajika ndugu wa kutia saini. Saumu, mwenye miaka ishirini na mitatu, akatia saini chini ya jina la mwanawe kama binti yake. Namba ikatoka. Nikambeba mkulima wangu wa kilo sita na nusu mikononi nikakimbia naye, na mlangoni mwa chumba cha upasuaji Daktari Mshangama alikuwa ameshanawa, bendera ya karatasi imechomekwa mfukoni.

Mimi nilibakiwa na dakika ishirini na shuka chafu.

Nililifua huku nasoma Yasini. Sikufua kwa ajili ya Bwana Mwinchande. Nilifua kwa sababu mikono yangu ingekaa tupu ningemuua mtu. Nikalipiga pasi likiwa mbichi, mvuke ukanipanda usoni, ndiyo sababu nilipolitandika watu walidhani nimelia. King'ora cha Waziri kikasikika getini.

Mheshimiwa alisimama mbele ya kitanda kitupu muda mrefu. "Wananchi," akasema, "nimezunguka dunia. Nimeona vitanda vyenye watu. Vitanda vyenye watu viko kila mahali. Lakini kitanda kama hiki, kinachopumzika, ni tunda la sera." Akainama kulipapasa shuka, kidole kikagonga pindo. "Na hii?"

"Ni ubunifu wa ofisi yangu, Mheshimiwa," akasema Bwana Mwinchande.

"Naipenda. Ina utamaduni. Nataka kila hospitali nchini kitanda chake kiwe na shuka la nakshi hii, na tuweke Siku ya Sifuri, mashuka yote yaletwe mji mkuu tuyatazame. Vitundu hivi huwa vingapi?"

Bwana Mwinchande akanigeukia. Ndiyo mara pekee aliyoniomba kitu kwa macho.

"Inategemea hospitali, Mheshimiwa," nikasema. "Dobi wa kila mahali anajua vyake."

Wakapiga makofi. Safari hii sabuni ilikuwa imekauka, nikapiga na mimi.

Daktari Mshangama alitoka adhuhuri. Utumbo ulikuwa umeshaanza kuwa mweusi, amekata urefu wa kidole, ameunga. Akaketi juu ya ndoo yangu iliyopinduliwa. "Jioni nisingekuwa na cha kuunga," akasema. Kisha akauliza, hakunitazama, "Ni wangapi, Bi Mwatime?" Nikamwambia. Alikuwa anamjua kila mmoja wao kwa mwezi wake. Aliwataja mwenyewe, mmoja mmoja, na wala sikumsaidia.

Idarusi alipona, Alhamdulillahi. Alipotimiza miezi tisa tulimpeleka chanjo ya surua, wakatazama daftari wakakataa, surua si ya watu wa umri wake. Walimpa kadi ya kupimwa tezi dume. Nikambeba mgongoni hadi zahanati ya milimani ambako daftari la taifa halijafika, akachanjwa huko, na akalia vizuri, kilio cha mtoto mwenye afya.

Kwenye pindo sikumtobolea. Kitundu ni cha waliorudishwa nyumbani.

Siku ya Sifuri ilipokaribia niliitwa mji mkuu kuyapokea mashuka na kuyanyoosha. Yaliletwa kwa malori. Tulikuwa madobi wa hospitali zote, wanawake wa makamo kama mimi, uani mwa Wizara, kila mmoja na la kwake. Sikuwa nimemfundisha mtu. Waraka wa Wizara ulisema tu, nakshi ya vitundu, idadi kwa kadiri ya dobi anavyojua, na kila mmoja aliusoma akauelewa. Hatukuulizana. Tulishikiana ncha za mashuka tukayakung'uta, na kila lilipofunguka tulihesabu kwa macho. La hospitali ya ziwani pindo halikutosha, vilizunguka pande zote nne. La hospitali ya mpakani, kule ambako mama hutembea siku mbili kumfikisha mtoto kwa karani, dobi wake alimaliza mapindo akaingia ndani, mstari kwa mstari, hadi katikati. Alikuwa amesimama kando yangu, vidole vimemvimba kwa sindano. Nilimwuliza shuka lile lilichukua muda gani. Akasema kila wiki kidogo.

Bwana Mwinchande alipita akikagua, akarudi nyuma hatua mbili, akaweka mkono kifuani.

"Hili," akasema. "Hili ndilo zuri kuliko yote. Hili ndilo litapewa kikombe."

Likatundikwa dirishani nyuma ya kiti cha Mheshimiwa Waziri, limkinge jua wakati wa hotuba. Halikumkinga.